Siku Niliyovaa Rinda la Mwalimu

Siku hizi nasikia mnashona rinda zima kwa saa mbili. Hongera zenu. Mimi shingo peke yake ilinichukua miaka saba, na mitano kati ya hiyo niliimaliza nikijidanganya kwamba naijua.

Nawaona nikipita pale senta ya Manyatta, nyinyi mafundi wapya. Mna mashine za umeme. Mna ovaloki ya nyuzi nne ya kufunga kingo. Mna sanamu ya kuvalisha nguo imesimama mlangoni, ina kiuno ambacho hakuna mwanamke wa huku kwetu aliyewahi kuwa nacho. Rinda likitoka kwenye mashine mnalipiga picha kabla mwenyewe hajalivaa, na picha zenyewe ni nzuri, siwezi kukataa. Picha haijikuni.

Majuzi binti wa jirani yangu, anaitwa Wawira, aliniletea rinda alilomshonea mtu wa kwenda harusini. Alitaka nilisifu. Nikalisifu. Kisha nikaligeuza ndani nje, maana mkono wangu umezoea hivyo, naye akalivuta haraka.

"Guka, huko ndani hakuna mtu huangalia," akaniambia, kwa lile jina letu la babu.

Nikamwambia kuna mtu, na huwa anakaa humo ndani siku nzima. Akacheka kwa adabu, vile mnavyowachekea wazee, akaenda zake. Ndiyo maana naandika. Karatasi haiwezi kunichekea kwa adabu.

Mimi ni Fundi Nyaga. Nimeshona kwenye veranda moja hapa Manyatta, Embu, mpaka macho yakakataa kuona tundu la sindano. Lakini kazi yenyewe nilifundishwa Meru mjini, ambako shangazi yangu alikuwa ameolewa, na aliyenifundisha ni Mzee Kinoti. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kuinamia cherehani ya miguu. Watu walimjua kwa mambo mawili: rinda lake ungeweza kulivaa ndani nje na usichekwe, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

Wiki yangu ya kwanza alinipa shingo ya duara niweke bitana. Nikashona. Nikachukua mkasi kukata vile vichongo vidogo vinavyofanya mviringo ulale, nikakata kwa bidii ya mtu aliyetumwa kuni. Nikapita mshono, nikaingia kwenye rinda lenyewe, mahali pasipopungua sita. Mzee Kinoti aliishika ile shingo, akaiinua kuelekea jua, mwanga ukapita kwenye mashimo. Akaniuliza taratibu kama kwetu Embu watu wana shingo, au vichwa vinakaa moja kwa moja juu ya mabega.

Njia yake ilikuwa hivi, na nawaambia bure ingawa mimi niliilipia. Shingo ikishakatwa, huanza kunenepa yenyewe hapo mezani, kwa hiyo kabla ya jambo lolote unapitisha mshono mmoja kuizunguka ili isivutike. Bitana unaikata kwa umbo lile lile, ila unaipunguza upana wa uzi mmoja, ili baadaye ivutie mshono ndani. Unaziweka uso kwa uso, unapiga pini kuanzia mabegani na katikati, si popote mkono ulipoangukia. Unashona kwa hatua ndogo. Ukimaliza unapunguza kingo, moja fupi kuliko nyingine, ili zisirundikane kama ngazi moja nene. Unakata vichongo vikaribie mshono visiuguse. Halafu unazilaza kingo zote upande wa bitana na kuzishonea hapo, mshono mmoja unaopita ndani tu, usioonekana nje. Huo mshono ndio wengi wenu mnauruka. Ndio unaofanya bitana ikae ndani, isichungulie nje kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba.

Yote hayo, ukiongeza pasi, yalichukua karibu nusu siku. Nikavumilia miaka miwili. Kisha siku moja nikamwambia Mzee Kinoti kwamba njia zake ni za wazee, na kwamba mimi nina haraka ya maisha. Alikuwa na pini mdomoni. Mpaka leo nafikiri zile pini ziliniokoa.

Nikarudi nyumbani, nikafungua kazi Manyatta, na huko nikakutana na uvumbuzi mkubwa: stifu. Mnaijua. Kile kitambaa kigumu chenye gundi upande mmoja, ukikipiga pasi kinashika. Unakata utepe wa stifu, unaubandika kuzunguka shingo kwa ndani, unakunja ukingo, unapiga mshono mmoja juu, kazi imeisha. Nusu siku ya Mzee Kinoti ikawa dakika kumi. Kwa nje shingo ilisimama kama askari kwenye gwaride. Kwa ndani, hakuna mtu huangalia. Unaona, Wawira, hayo maneno hukuyaanzisha wewe.

Miaka mitano nilishona shingo za gundi, nikasifiwa sana. Ndipo akaja Mwalimu Rwamba.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mnene mtaratibu, wa kusema sentensi moja na kungoja ifike. Kwa miaka mingi alikuwa na rovu shingoni, likikua polepole, na mwaka huo alikuwa amekwenda hospitali moja ya Meru akapasuliwa likatolewa. Alipona. Kabla ya kuhamia huku alikuwa amefundisha Ishiara muda mrefu, na akina mama wa kanisa la huko ndio waliomwombea na kumuuguza kwa zamu, kwa hiyo ibada ya shukrani ingefanyika huko. Alitaka rinda la rangi ya maziwa, lenye shingo ya kupanda juu kidogo.

Akanieleza kwamba kovu bado lilikuwa bichi, kitu chochote kigumu kikiligusa linamsumbua. Akatoa kwenye mkoba kipande cha pamba nyeupe, laini sana, alichokuwa amekinunua mwenyewe. Akasema hiyo ndiyo bitana ya shingo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikampima huku nikiongea sana, vile mafundi hufanya wakiwa hawasikilizi.

Ilikuwa Agosti, msimu wa harusi, na nguo zilikuwa zimenifika magotini. Siku ya kulishona lile rinda niliitazama ile bitana, nikautazama utepe wa stifu uliokuwa tayari mezani, nikaamua kwamba shingo ni shingo. Nikabandika. Ile pamba laini haikupotea, msifikiri mimi ni mtu wa kuharibu vitu. Niliitumia kushona mifuko ya suruali za wanaume wanne, ambao walitembea mji mzima wakitia mikono ndani ya shingo ya mwalimu bila kujua.

Alipokuja kulichukua alilijaribu juu ya blauzi, akajitazama kwenye kioo, akauliza kama bitana iko. Nikasema iko.

Ishiara nayo ni Ishiara. Huku kwetu tunavaa sweta, kule jua linaivisha mayai. Mke wangu alikwenda kwenye ile ibada na akina mama wengine wa hapa, na jioni aliporudi hakunisalimia. Aliweka mkoba chini, akanisimulia. Alisema kufikia mahubiri, Mwalimu alikuwa ameanza kutia kidole ndani ya shingo ya rinda. Jasho na joto viliilainisha gundi, utepe ukabanduka, ukingo wake uliokatwa ukageuka kama msumeno pale pale kwenye kovu. Alipoitwa mbele kutoa ushuhuda, utepe ulikuwa umechungulia nje, na kwenye ile rangi ya maziwa palikuwa na doa la damu. Mama mmoja akamfunga leso shingoni. Akatoa ushuhuda wake wa kupona akiwa amefungwa leso kama mtu anayetoka hospitali, kumbe alikuwa anatoka kwangu.

"Wote waliuliza ni nani alimshonea," mke wangu akasema. "Mimi nikanyamaza."

Jumatatu ilikuwa siku ya soko. Mwalimu Rwamba alikuja saa nne asubuhi, rinda mkononi na kikapu cha minji, njegere mbichi ambazo hazijaambuliwa. Nilianza kumpa pole kabla hajafika. Nilikuwa nimeziandaa pole za aina tatu. Hakutaka hata moja. Alinyoosha rinda.

"Vaa, Fundi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikauliza kama anataka nilitazame. Akasema hapana, nimeshalitazama, sasa nilivae.

Nikaanza kulipitisha juu ya shati, akatikisa kichwa. "Shati litakudanganya. Toa."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na biashara, kwenye veranda yangu mwenyewe. Lakini wakati nalishika niliona lile doa, dogo tu, lilikuwa limekauka likawa la kahawia. Nikatoa shati. Nikavaa rinda la mwalimu siku ya soko, mbele ya benchi la wateja, na mwili wangu ulikuwa mwembamba hivi kwamba lilinining'inia kama pazia. Yeye alinifunga zipu mwenyewe, kwa upole kabisa. Kisha akakaa kwenye benchi, akaweka kikapu katikati ya miguu, akaniambia niendelee na kazi mpaka atakapomaliza kuambua minji.

Vijana, kikapu cha minji ni kikubwa.

Dakika tano za kwanza kilichoniuma ni aibu. Wenye baiskeli waliegesha. Wamama wa mboga waliacha mboga. Wakati ule simu zenye kamera hazikuwa zimefika huku, Mungu ni mwema. Lakini aibu huzoeleka. Baada ya hapo ikaanza shingo. Nikiinamia mashine, ukingo unanikwaruza hapa mbele. Nikiinua kichwa, unanikwaruza nyuma. Nikitoa jasho, gundi inashika ngozi na kuachia, inashika na kuachia. Nilijaribu kushona nikiwa nimenyoosha shingo kama jogoo anayesikiliza. Na mimi nilikuwa sina kovu.

Katikati ya kikapu aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye minji zake, bitana yake iko wapi.

Nilitazama chini. Haikuwa aibu peke yake. Mmoja wa wale wanaume wanne alikuwa amesimama pale mbele, anacheka mpaka anayumba, mikono yote miwili mfukoni.

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwa sauti ya chini, lakini veranda ilikuwa imenyamaza, na yule mwanaume akatoa mikono mfukoni polepole kama mtu aliyegusa nyoka. Mwalimu aliambua ganda moja, la pili, la tatu. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, maana matusi humaliza deni upesi. Alimaliza kikapu, akasimama, akanifungua zipu, akasema, "Rinda nakuachia. Utajua la kufanya," akaenda zake.

Sikujua la kufanya. Ndiyo shida ya miaka mitano ya gundi, mikono inasahau. Keshoye nilifunga duka, nikatia rinda kwenye mfuko, nikaenda Meru.

Mzee Kinoti alikuwa pale pale nyuma ya soko, amezeeka, mikono inatetemeka kiasi kwamba alikuwa ameacha kushona na sasa anakata tu na kutukana. Nilimkuta hana pini mdomoni. Nilimwamkia, nikaweka rinda mezani. Akaligeuza ndani nje kabla ya kuuliza habari ya nyumbani. Akauvuta ule utepe kwa kucha mbili.

"Huyu mama aliumwa na nini," akauliza, "mpaka ukamfunga bendeji?"

Nikamweleza kila kitu, hata mifuko. Nilipofika kwenye mifuko alicheka akakohoa, akakohoa akacheka, nikadhani nitamwua na hiyo iwe dhambi ya pili. Aliponyamaza hakunikumbusha yale maneno ya njia za wazee. Angenikumbusha ningeona afadhali. Alivuta tu kiti, akasema nikae, akanitupia gunia la vipande vya nguo kuukuu.

Siku tatu nilishona shingo kwenye vipande. Ya kwanza aliitupa. Ya pili aliitupa. Ya tatu aliipangusia meza. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alikagua kwa kidole, anapitisha polepole kwenye ukingo wa ndani, na kidole kikikwama mahali popote, kazi inarudi. Nikaanza na mimi kukagua hivyo, macho nimefumba. Mtajaribu siku moja taa za umeme zikiwaacha. Jicho linapenda kusamehe kazi ya mwenyewe. Kidole hakina huruma.

Siku ya tatu jioni alipitisha kidole kwenye shingo ya kumi na moja au kumi na mbili, kikazunguka mpaka kikarudi kilikoanzia. Hakusema vizuri. Alisema, "Sasa rinda." Lakini akaniambia ile shingo ya zamani imeharibika, ina gundi, ina doa, ina mashimo ya sindano. Lazima ikatwe chini, upana wa vidole viwili. Na kukata chini, akasema, si uamuzi wangu wala wake. Nikamwulize mwenye shingo.

Ndivyo nilivyojikuta kwenye ua wa Mwalimu Rwamba, nimesimama kati ya migomba yake, natafuta namna ya kumwambia mwanamke kwamba kosa langu litamwonyesha kovu lake mbele ya watu. Alinikaribisha chai. Nikamweleza, nikazunguka sana, nikataja mitindo, nikataja kwamba tungeweza kuweka kola, au waridi la kitambaa pale mbele.

Aliniacha nimalize. Kisha akakunja kanga aliyokuwa ameitupia mabegani, akainua kidevu. Ilikuwa mara ya kwanza nalitazama lile kovu. Lilikuwa mstari mwembamba umelala kwenye mkunjo wa shingo, kana kwamba ngozi yenyewe iliamua kujikunja hapo.

"Daktari aliyenishona hapa alificha uzi wake," akasema. "Kata chini. Lionekane. Mimi nilikuwa naona haya kwa ajili ya kazi yako, si yake."

Nikanywa ile chai. Ilikuwa moto sana, nikainywa hivyo hivyo.

Rinda nililishonea Manyatta. Nilikuwa nimenunua pamba Meru, laini kama ile yake, na safari hii haikupita karibu na suruali ya mtu. Nikapitisha mshono wa kuzuia shingo isinenepe. Nikapunguza bitana kwa upana wa uzi. Nikashona kwa hatua ndogo hivi kwamba mke wangu alinijia mara mbili kuuliza kama mashine imekufa. Nikapunguza kingo, nikakata vichongo nikiwa nimeshika pumzi, nikazishonea kingo kwenye bitana kwa ule mshono wa ndani. Nikapiga pasi kutoka ndani, mshono ukajiviringisha upande wa chini ukapotea. Kisha nikafumba macho, nikapitisha kidole. Kikakwama begani, upande wa kushoto. Nikafumua, nikarudia. Saa mbili zenu zilikuwa zimepita zamani.

Alikuja akalichukua Jumamosi. Hakulijaribu. Aligeuza shingo, akaipitisha shavuni mara moja, akalikunja, akatia kwenye mkoba, akaniaga. Jumapili alikuwa anakwenda nalo kanisani. Mimi kanisa langu ni lingine, lakini siku hiyo sikuwa hata kwenye hilo langu. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti, kichwani nasikia kila dakika ya mahubiri ya wengine.

Jumatatu, mchana, nikamwona anapanda ngazi za veranda. Alikuwa amelivaa lile rinda, siku ya pili mfululizo, na kovu lake liko wazi. Mkononi alikuwa na sketi ya binti yake. Akakaa kwenye benchi akaanza kunieleza habari ya zipu: kwamba inakwama katikati, kwamba ni ya plastiki na angependa ya chuma, kwamba binti ataihitaji kabla ya shule kufunguliwa. Alieleza kwa utaratibu wake, sentensi moja moja. Mikono yake ilikuwa imeshika sketi wakati wote. Sikuiona ikipanda shingoni hata mara moja. Mimi sikusikia lolote kuhusu zipu.

Mwisho nikashindwa.

"Na shingo, Mwalimu?" nikamwuliza.

Akanitazama kama mtu aliyekatizwa katikati ya jambo la maana.

"Shingo gani?" akasema. "Nakueleza zipu, Fundi."